Saa 1, Halafu Pima

Jumanne, 10 Juni 2025

Nimepeleka chai mara tatu leo. Tatu! Kidato cha sita nimemaliza mwezi uliopita, Fizikia naijua, halafu kazi yangu ni vikombe.

Baba mdogo Bashiri alisema nikae kwenye karakana yake ya redio mpaka mwisho wa mwezi, ionekane kama kazi naiweza. Baba anataka nikauze spea za malori dukani kwake. Wamekubaliana wao wawili. Mimi sikuulizwa. Kwa hiyo nina siku ishirini, na moja imeshaishia kwenye vikombe.

Saa nne hivi akaja mzee wa kijiji cha Mollo kwa bodaboda, amekumbatia mzigo uliofungwa blanketi. Mzee Maximilian. Ndani ya blanketi — amplifaya ya gitaa, ya zamani, ya valvu! Nilikuwa sijawahi kuiona ila kwenye picha. Valvu ni kama taa ndefu za kioo, na yeye mwenyewe anaziita taa. Alikuwa anapiga gitaa kwenye bendi hapa mjini kabla baba yangu hajazaliwa. Jumamosi ya tarehe 21 yeye na mkewe, Bibi Lydia, wanafanya jubilei ya miaka hamsini ya ndoa. Anataka kupiga wimbo mmoja tu, ule aliompigia wakiwa wachumba. Kwa mashine hiihii.

Valvu moja kati ya zile mbili kubwa imekufa, kioo kimekuwa cheupe juu. Lakini mzee ana akiba. Akatoa kopo la maziwa lililojaa ulezi, akachimba kwa vidole, akaibua valvu mbili mpya, kila moja na boksi lake. Miaka yote zimelala ndani ya ulezi zisigongane! "Ni hizi tu," akasema. "Nimeuliza mpaka Mbeya."

Sadick akacheka. Sadick ndiye fundi anayemfuata baba mdogo, ana miaka thelathini na maneno ya watu kumi. "Mzee, achana na hizo, nikuwekee bodi ya Kichina, itapiga mpaka kijijini Kate wasikie!" Mzee hakucheka. Akaniuliza mimi nafanya nini hapo. Kabla sijafungua mdomo, Sadick: "Huyo? Huyo anaongea na karatasi."

Ni kweli huwa naandika. Nikitaka kumwambia mtu kitu, nakiandika kwenye utepe wa karatasi nakibandika. Hata shikamoo yangu mzee hakuisikia, ilibidi nirudie. Lakini kunisema mbele ya mteja! Masikio yamenichoma mpaka jioni.


Alhamisi, 12 Juni 2025

Baba mdogo haoni tena rangi za rezista, ile mistari inayotaja kipimo chake. Kahawia na nyekundu kwake ni moja. Amekiri kwangu leo, Sadick akiwa sokoni. Akasema, "Kauthar mwanangu, hii ya mzee utaipima wewe. Mimi nitakaa hapa pembeni."

Nilitaka kuruka. Halafu akaongeza: mzee akiuliza, ni kazi ya Sadick. Eti wateja wana mambo yao.

Wana mambo gani? Sikuuliza. Sijui kwa nini huwa siulizi. Nimerudi nyumbani nimekunja uso, mama akadhani ni baridi.

Lakini nimejifunza, niandike nisisahau. Ndani kuna volti 450. Mkono mmoja mfukoni siku zote. Umeme ukikupata kwa mkono mmoja utapiga kelele, ukikupata kwa miwili unapita kifuani. Sweta langu lina mfuko mkubwa, limepata kazi.

Valvu hailali hata gitaa likinyamaza. Kuna umeme kidogo unaendelea kupita ndani yake. Baba mdogo anauita mkao. Mkao ukiwa chini mno, sauti inakuwa kavu, inakwaruza. Ukiwa juu mno, sahani ya chuma iliyo ndani ya kioo inawaka nyekundu kama kaa, na valvu inakufa. Nyuma kuna skrubu moja ndogo ya kupandisha na kushusha mkao wa valvu zote mbili. Nimepiga hesabu: mwisho wa valvu hii ni wati 25, usivuke asilimia sabini, volti 450. Inakuja karibu miliampia 39. Nitaweka 36.

Sadick aliona daftari langu. "Hesabu zote hizo kwa skrubu moja! Sisi tunasikiliza kwa sikio, Bi Vipimo." Sasa nina jina.


Jumamosi, 14 Juni 2025

36 na 37! Valvu mbili za kwenye ulezi zinakaa kama mapacha.

Haikuja hivihivi. Nilipowasha zilisoma 24. Ningekuwa na haraka ningepandisha palepale. Nikangoja. Dakika kumi, 28. Nusu saa, 33. Zilipotimia dakika sitini ndipo zikatulia. Na umeme wenyewe haukai: asubuhi watu wakipiga pasi na kuchemsha maji, ukutani ni volti 212, mchana 244. Asubuhi mita inakudanganya. Haya yote nimeyaona mwenyewe, mkono mfukoni, siku nzima.

Baba mdogo ameweka kiganja juu ya daftari langu akasema "Safi." Neno moja. Kwake ni hotuba.

Kapasita moja, kile kifaa cha kutunza chaji, inavuja. Sadick ataibadilisha kesho, na ikishabadilishwa mkao lazima upangwe upya. Mimi sitakuwepo. Tunaenda Kate na mama, mama mdogo Hamida ana akika ya mtoto, tunarudi Jumanne. Nimechukia! Kazi yangu, aje kuimalizia yeye na sikio lake!

Sadick alikuwa hatua mbili kutoka nilipo, anakula muwa. Nilitakiwa kumwambia. Nikaandika kwenye utepe, nikabandika juu ya amplifaya:

WASHA. SAA 1. PIMA. IWEKE 36.

Herufi kubwa. Hata mtoto anaelewa.


Jumanne, 17 Juni 2025

Imekufa.

Valvu moja ya mzee imekufa. Kioo kimeingia ndani upande mmoja kama shavu la mtu asiye na meno. Nimeishika, imekuwa nyepesi — najua uzito haubadiliki, lakini ilikuwa nyepesi.

Jana. Sadick aliwasha, akapima, akaweka 36, akaenda kunywa chai. Aliporudi sahani ilikuwa nyekundu. Akachomoa waya. Nyingine imepona, hii haikupona.

Na kosa ni la nani? La Bi Vipimo! Ameshika utepe wangu mkononi kama polisi na kielelezo. "Nimefuata karatasi yake neno kwa neno. Ameandika thelathini na sita, nimeweka thelathini na sita. Hesabu zake mbovu." Mbele ya baba mdogo. Mbele ya wateja wawili wa simu. Mbele ya baba yangu, ambaye siku zote hakanyagi pale, leo akapita!

MUONGO! Hesabu zangu si mbovu! Thelathini na sita ni thelathini na sita! Niliiacha inawaka siku nzima Jumamosi, ilikaa pale pale! Hakungoja. Najua hakungoja. Amewasha, amezungusha skrubu, ameenda kula, halafu anasema amefuata. Neno kwa neno!

Haya yote niliyasema moyoni. Mdomoni hakikutoka kitu. Nilisimama nimeshika mfuko wa viazi kutoka Kate kama mjinga.

Baba alisema taratibu, na huwa ananiumiza zaidi akisema taratibu: "Umeunguza kitu cha mtu kisichopatikana. Mwisho wa mwezi wa nini? Jumatatu uje dukani." Baba mdogo hakunitetea. Aliangalia tu vidole vyake.

Sasa hakuna valvu ya akiba ya kutegemea. Jumamosi ni jubilei. Mzee ana valvu moja. Mashine inataka mbili.

Nimekula wali nusu. Nimemchukia Sadick, na meno yake, na muwa wake.


Jumatano, 18 Juni 2025

Sijui nianzie wapi.

Dada Kulsumu anauza maandazi mlango wa pili kutoka karakana. Asubuhi ananifungia maandazi huku anacheka: "Mmemfanya nini Sadick? Juzi nimemkuta amesimama mlangoni saa moja kamili! Amejikunyata na koti, anatetemeka. Sadick huyu wa saa tatu! Nikamwambia shemeji, umefukuzwa nyumbani? Akasema, hapana, nina maagizo."

Nina maagizo.

Nilisimama pale mpaka mafuta ya maandazi yakapita kwenye gazeti yakanifika mkononi.

WASHA. SAA 1. PIMA.

Mimi niliandika: washa, ngoja saa moja, pima. Yeye akasoma: washa saa moja, pima. Saa moja asubuhi! Akaamka gizani na baridi ile na upepo ule, akafika, akawasha saa moja, akapima hapohapo. Ikasoma 24, ikiwa baridi, umeme ukiwa chini, watu wanapiga pasi. Akapandisha mpaka 36 kama nilivyoagiza. Kisha valvu zikapata moto, umeme nao ukapanda, na zenyewe zikapanda, zikapanda. Chai ya Sadick haikuwa na kosa.

Amefuata neno kwa neno. Hakusema uongo.

Nimekasirika kuliko jana! Jana nilikuwa na mtu wa kumkasirikia. Mvivu yule, siku moja maishani anaamka mapema, na ni kwa ajili ya utepe wangu! Angechelewa kama kawaida yake valvu ingekuwa hai! Na neno gani hili, saa moja, linakaa kwenye saa ya ukutani na kwenye urefu wa muda kwa wakati mmoja, na mimi mwenye A ya Kiswahili ya kidato cha nne sikuliona? "Ngoja" ni herufi tano. Utepe ulikuwa na nafasi.

Na alikuwa hatua mbili. Hatua mbili! Ningesema kwa mdomo angeuliza, "Asubuhi?" Ningejibu, "Hapana, dakika sitini." Basi. Ndiyo gharama ya kunyamaza kwangu, imeingia kwenye shavu la kioo.

Nikaenda kazini nimeamua kumwambia. Alikuwa anafungua redio ya gari. Nikasimama nyuma yake. Akasema bila kugeuka, "Leta bisibisi ya nyota." Nikaleta bisibisi ya nyota.


Alhamisi, 19 Juni 2025

Mzee Maximilian amekuja. Baba mdogo alimpigia simu jana. Nilidhani atafoka. Afadhali angefoka. Aliipokea ile valvu, akaigeuzageuza, akauliza, "Na mwenzake?" Nikamwonyesha. "Na ile yangu ya zamani, ambayo haikuwa nyeupe?"

Nilikuwa nimeisahau! Zilizokuja kwenye mashine zilikuwa mbili, moja tu ndiyo ilikufa. Ya pili imechoka lakini ipo. Nikaichomeka mzee akiwa amekaa. Mpya 36, kuukuu 21. Skrubu ni moja kwa zote mbili: ukimpandishia kuukuu, mpya anaungua. Ukimshushia mpya, kuukuu anakauka.

Jibu lilinijia njiani kurudi kutoka msalani. Kila valvu iwe na skrubu yake. Ziko skrubu kama hizo kwenye ile redio ya misheni iliyokufa kule rafuni. Nikachora, nikampa baba mdogo karatasi. Akairudisha. "Niambie. Macho yangu unayajua."

Nikamwambia. Kwa mdomo, sentensi labda nne. Mzee alikuwa anasikiliza, na Sadick pia, najua kwa sababu muwa ulinyamaza.

Baba mdogo: "Fanya. Ila Jumatatu ni kwa baba yako, hilo mimi siwezi." Nikasema sawa, huku nimeuma meno.

Sadick ndiye aliyetoboa tundu la skrubu ya pili kwenye bati. Anatoboa vizuri, siwezi kusema uongo. Nimeanza kumwandikia karatasi ya kuomba radhi. Nimeandika "Kaka Sadick, ile saa 1", nikaiangalia, nikaichana vipande vidogo kabisa. Karatasi tena!


Ijumaa, 20 Juni 2025

30 na 30. Dakika sitini nimezihesabu. Nimechagua 30 ili kuukuu asichoke. Sauti si kavu. Baba mdogo alipiga nyuzi mbili akafumba macho.

Lakini umeme wa huko kwenye jubilei si wa hapa. Lazima ipangwe tena palepale, ikishapata moto. Kesho naenda Mollo na Sadick kwa pikapu ya baba mdogo.

Bado sijamwambia. Nimejichoka.


Jumamosi, 21 Juni 2025

Naandika nikiwa nimekaa nyuma ya amplifaya, kwenye kreti ya soda, uwanjani kwa Mzee Maximilian. Misa imeisha. Watu wengi mno. Turubai linapigwa na upepo. Wanatumia jenereta, linasoma 238, mara 247.

Nimewasha. Dakika ya 0: mpya 19, kuukuu 15.

Dakika ya 8. 23 na 20. Bibi Lydia kapita na gauni la dhahabu, kaniletea pilau na soda. "Kula, mjukuu wangu, umekonda kama waya." Nimemwamkia, kasikia mara ya kwanza.

Dakika ya 14. 26 na 25. Kuukuu anapanda haraka kuliko jana. Sipendi.

Dakika ya 17. Nimemwambia.

Sadick alikuwa anakunja waya wa spika. Nikasema, "Kaka Sadick. Ile saa moja ya kwenye utepe. Nilimaanisha dakika sitini. Ungoje dakika sitini. Kosa ni langu."

Akaacha waya. "Yaani nimeamka alfajiri na baridi ile bure?"

"Ndiyo."

"Na nikaitwa muuaji wa valvu mtaa mzima. Na wewe unajua tangu lini?"

"Jumatano."

"Jumatano!" Akatupa waya chini. "Siku nne umekaa nayo! Ungebandika basi, kama kawaida yako!" Akaondoka, amekaa kule chini ya turubai amenipa mgongo. Ana haki. Nilitaka nikishasema nipoe. Sijapoa. Nina hasira naye kwa kuwa ana haki!

Dakika ya 22. Mpya 30, kuukuu 31. Nimemshusha kidogo. Anapanda tena. Mkono mfukoni, mwingine unaandika, nimeacha bisibisi kwenye paja.

Dakika ya 25. Msema chochote, yaani MC, anaitwa Obed, ana koti linalong'aa na haraka. Ametangaza: "Sasa, mabibi na mabwana, Mzee wetu na gitaa lake!" Vigelegele. Mzee ameshasimama. Anakuja, gitaa begani, anamwangalia mkewe tu.

Haiwezekani! Akianza kupiga mita itacheza na muziki, sitaona mkao. Na kuukuu hajatulia. Ataungua katikati ya wimbo, hakuna nyingine, hata kwenye ulezi hakuna.

Obed akamwita Sadick kwa maikrofoni: "Fundi, tayari?"

Sadick hakugeuka hata. Alisema kwa sauti yote: "Mimi sijui. Muulizeni Bi Vipimo."

Watu wote wamegeuka. Uwanja mzima.

Nikasema bado. Hakuna aliyesikia. Nikasimama juu ya kreti. "BADO!" Sauti gani hiyo, ilitoka wapi, hata jenereta niliona kama limenyamaza. Mtoto mmoja akaanza kulia. Mzee amesimama pale alipo, mkono juu ya nyuzi, hapigi. Ananiangalia mimi sasa.

Dakika ya 26. Kuukuu 33. Nimemshusha, 31. Sadick amegeuka. Hacheki.

Obed anakuja huku na maikrofoni, anauliza kutoka kulekule, watu wanacheka: "Haya binti, bado mpaka saa ngapi?"

Saa ngapi! Dakika, Kauthar. Thelathini na nne. Sema dakika, na sema zisikike —